Kamari ya Simu: Je, Kuna Kucheza kwa Kiasi?

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, Tongaren)



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana wenzangu. Viongozi wa jumuiya waliponiomba nitoe mada Ramadhan hii, waliniambia nichague mwenyewe. Najua wengine walitarajia nizungumze kuhusu yanayobatilisha funga. Hayo masheikh wetu wanayasomesha vizuri kuliko mimi. Nimechagua kamari ya kwenye simu, na sababu nitaisema waziwazi: mimi mwenyewe nimecheza.

Nimecheza nikiwa nimemaliza madrasa. Nimecheza huku aya inayoharamisha kamari nimeihifadhi. Kwa hivyo, ndugu msomaji, usidhani anayeongea hapa amesimama juu ya mlima anawatazama walio bondeni. Nilikuwa humo bondeni, na njia ya kupandia naijua kwa magoti.

Nilivyoanza

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Katika chumba chetu cha hosteli tulikuwa wanne, na watatu walikuwa wanabeti. Nilianza na shilingi 50 Jumamosi, siku ya mechi za Uingereza. Nikajiwekea sharti: hamsini tu, tena wikendi tu. Nikajiambia mimi si kama wale waliouza godoro, mimi ninacheza kwa akili. Mara ya tatu nikapata shilingi 1,400. Wallahi, hiyo ndiyo siku niliyopata hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niamini kwamba ninajua.

Baada ya miezi michache nilikuwa nimehama kutoka mpira hadi kile kindege kinachopaa kwenye skrini. Tulipofunga chuo nikarudi nyumbani, na ulikuwa msimu kama huu, watu wanatayarisha mashamba. Shangazi yangu aliye Nairobi akamtumia nyanya yangu, kukhu, shilingi 4,000 za mbegu na mbolea. Kukhu hajui kusoma. Simu yake mimi ndiye niliyekuwa namsomea, na namba ya siri mimi ndiye niliyemwekea.

Nilisajili laini yake kwenye kampuni moja ili nipate ile zawadi ya mteja mpya. Nikasema nitatumia mia mbili tu, na jioni nitarudisha. Kufikia Isha elfu nne zote zilikuwa zimekwisha, na juu yake nilikuwa nimechukua mkopo wa simu kwa jina lake.

Asubuhi akanijia na simu mkononi. "Mjukuu wangu, hebu niangalilie, shangazi yako alisema ametuma." Nikamwambia ni mtandao. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia mtandao bado. Mvua ikanyesha. Majirani wakapanda mbegu ya H614 kutoka Kitale, naye kukhu akapanda mahindi aliyoyapukuchua mwenyewe kutoka ghalani. Wakulima mliopo hapa mnajua mbegu ya chotara ikirudiwa inatoa nini. Mahindi yalitoka mafupi, na magunzi mengi yalikuwa nusu tupu. Mwaka huo katika boma letu unga ulinunuliwa dukani kuanzia Februari.

Nimewaeleza haya ili mjue kwamba tunapozungumza kuhusu kamari hatuzungumzi kuhusu pesa za kampuni wala za mchezaji peke yake. Tunazungumza kuhusu shamba la kukhu.

Kamari ya zamani na ya leo

Katika Qur'ani kamari imeitwa maysir. Wafasiri wanatueleza kwamba Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakichinja ngamia, wakagawa nyama mafungu, kisha wakatoa mishale mfukoni. Mishale ilikuwa kumi: saba ina mafungu na mitatu haina kitu. Aliyetoka na mshale mtupu ndiye aliyelipa bei ya ngamia. Na washindi, kwa kujionyesha ukarimu, waliwapa maskini ile nyama.

Tuangalie jambo hilo la nyama kwa maskini. Katika Suratul Baqarah, aya ya 219, Allah ametufahamisha kwamba katika ulevi na kamari mna madhambi makubwa na pia manufaa kwa watu, lakini madhambi yake ni makubwa kuliko manufaa. Qur'ani haikukana kwamba kuna faida. Kwa hivyo ukiambiwa leo kwamba kampuni za kamari zinadhamini mpira, usipoteze muda kubishana. Ni kweli. SportPesa ilidhamini Gor Mahia na AFC Leopards, klabu ambayo wengi wetu hapa tumeirithi kwa baba zetu. Mwaka 2017 iliileta Everton kucheza na Gor Mahia huko Dar es Salaam. Hiyo ndiyo nyama ya ngamia. Swali ni: nani alilipa bei ya ngamia? Na serikali ilipopandisha ushuru wa kamari hadi asilimia 35 mwanzoni mwa 2018, kampuni hiyo hiyo ilitangaza kuondoa udhamini wake kwa michezo ya nchini. Nyama ilikatika siku moja.

Kisha ikaja Suratul Maidah, aya ya 90 na 91, ikaharamisha moja kwa moja. Kamari imewekwa pamoja na ulevi na masanamu, na sababu imetajwa: shetani anataka kutia uadui na chuki baina yenu, na kuwazuia na kumkumbuka Allah na swala. Anayecheza anajua hili bila kufundishwa. Mimi niliwahi kusali Magharibi nikiwa sijui nimesoma sura gani, kwa sababu mechi ilikuwa dakika ya 80.

Na sisi hapa tulikuwa na maysir yetu. Wazee mnaikumbuka pata potea ya siku za soko, kadi tatu juu ya katoni. Yule anayeshinda mbele yenu alikuwa mwenzao, amewekwa pale ili uone pesa zinapatikana. Ukiingia wewe, kadi inageuka. Leo katoni imeingia mfukoni mwako, na yule anayeshinda mbele yako ni picha kwenye tangazo.

Ilivyotufikia

Sheria ya kamari ya Kenya ilikuwa ya mwaka 1966, wakati kamari ilikuwa ya kasino za mjini. Kijana wa Naitiri au Soysambu angeifikaje kasino? M-Pesa ilianza mwaka 2007, na ni neema kubwa, sikatai. Lakini 2014 SportPesa ilipoanza, pesa na kamari zikakutana kwenye simu moja. Mwaka 2017 mtu mmoja alishinda zaidi ya shilingi milioni 221 kwa kubashiri mechi 17, na nchi nzima ikaota ndoto moja.

Mwaka 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, baadhi zikafunga, na baadaye nyingine zikarudi. Aprili 2025 matangazo ya kamari yakasimamishwa kwa siku 30. Agosti 2025 ikatiwa saini sheria mpya ya kudhibiti kamari kuchukua nafasi ile ya 1966. Sheria ni kitu kizuri, na inamkataza aliye chini ya miaka 18. Lakini mtoto mwenye simu ya mama yake hana miaka 15 tena. Ana miaka ya mama yake. Askari wa kwanza ni wewe mzazi.

Hesabu ya "kucheza kwa kiasi"

Chini ya kila tangazo utasikia: cheza kwa kiasi. Vijana wenzangu wananiambia, "Mimi sina shida, naweka hamsini tu kwa siku." Haya, tuifanyie hesabu, maana tumesomeshwa.

Shilingi 50 kwa siku mara 365 ni shilingi 18,250 kwa mwaka. Mbolea ya ruzuku ilipowekwa shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50, pesa hizo zingetoa magunia saba na chenji. Hiyo ndiyo "hamsini tu".

Utasema, "Lakini mimi hushinda pia." Sawa. Chukua mchezo wenye pande mbili zilizo sawa kabisa, kama kurusha sarafu. Haki ni ukiweka 100 ulipwe 200. Kampuni itakupa kama 190. Wawili wakiweka mia mia kila mmoja upande wake, kampuni imepokea 200 na inalipa 190. Kumi imebaki kwake, na haijali nani ameshinda. Katika kila mia uliyoweka, tano si yako tena kabla mpira haujaguswa.

Sasa wewe huchezi mechi moja, unapanga mkeka. Kile kipande kinakatwa kila mechi. Ukiunganisha mechi tano za namna hiyo, katika kila mia, kwa wastani, kinachorudi ni kama 77. Ukiunganisha kumi, ni kama 60. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo unavyokula. Na ule wa mechi 17? Kila mechi ina matokeo matatu: nyumbani, ugenini, sare. Njia za kuujaza ni zaidi ya milioni 129. Utajaza ngapi?

Na kile kindege? Wenyewe waliokitengeneza wanasema kinarudisha asilimia 97. Inasikika vizuri, sivyo? Lakini mpira unacheza mara moja kwa dakika 90, na kindege kinaruka na kuondoka kwa sekunde. Ukiwa unarudisha pesa zako zote kila raundi, baada ya raundi 23 kwa wastani umebaki na nusu. Baada ya raundi 100, kwa kila shilingi mia umebaki na kama tano. Raundi mia si mwezi mzima. Ni kati ya Alasiri na futari.

Kwa hivyo kucheza kwa kiasi maana yake ni kupoteza polepole. Na hata hilo polepole linawashinda wengi, kwa sababu kiasi kinawekwa na akili iliyotulia, na anayecheza ni moyo uliokwisha kuwaka. Mimi sharti langu la hamsini nililivunja siku niliyopoteza 300, nikitaka kuzirudisha. Neno "nirudishe tu zangu niache" limemaliza watu wengi kuliko tamaa ya kutajirika.

Hadaa: nani anamdanganya nani?

Kuna wanaosema wao hawategemei bahati, wanazo mbinu. Tuziangalie.

Ya kwanza ni wauzaji wa "mechi zilizopangwa". Wanakuuzia matokeo kwenye makundi ya simu, na wanakuonyesha mikeka iliyoshinda. Ujanja wao ni huu. Ana watu 800. Mia nne anawaambia timu A itashinda, mia nne anawaambia timu B. Waliokosa anawaondoa. Mia nne waliobaki anawagawa tena, mia mbili huku na mia mbili kule. Akifika mara ya tatu ana watu 100 ambao kwa macho yao hajakosea hata mara moja. Hao ndio anaowaambia, "Ya nne ni ya kulipia." Hajui chochote kuhusu mpira. Na jiulize: mtu anayejua matokeo ya kesho, kwa nini ahitaji shilingi 500 zako?

Ya pili ni programu zinazodai kukuonyesha kindege kitaondokea wapi. Hakuna. Namba ya kila raundi inatengenezwa na kompyuta na kufungwa kabla kindege hakijaruka, na simu yako haiwezi kuichungulia. Wanaokuuzia wanataka ada yako, au wanataka uweke namba yako ya siri ndani yake.

Ya tatu ni mechi zinazouzwa kweli. Zipo, na ni msiba mkubwa zaidi. Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliohusishwa na kupanga matokeo wakiwa Kakamega Homeboyz, hapa hapa kwetu magharibi. Watatu walipewa miaka minne, na mmoja, Mganda, maisha. Vijana waliotoka kwenye viwanja vya vumbi kama vya hapa wakafika ligi kuu, na kamari ikawafuata huko ikawanunua. Sasa wewe uliyeweka pesa kwa "kuchambua timu", ulikuwa unachambua nini?

Ya nne ndiyo niliyofanya mimi. Kijana anasema, "Kampuni inatuibia, acha nasi tuiibie." Anafungua akaunti tano kwa vitambulisho vya watu ili achukue zawadi za mteja mpya. Ndugu yangu, Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta unyevunyevu ulioficha ndani. Akamkemea muuzaji na akasema kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Hakuuliza kwanza mnunuzi ni mtu mwema au mbaya. Haramu mbili hazizai halali. Na wewe hukuiibia kampuni. Akaunti ikifungwa kampuni haipotezi usingizi. Deni linabaki kwenye kitambulisho cha kukhu.

Basi hukumu ya kidogo?

Huenda mtu akaniuliza: kama ni shilingi ishirini tu, za kujifurahisha, si za tamaa? Jibu lake liko katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mtu akimwambia mwenzake tu, "Njoo tucheze kamari," basi atoe sadaka. Hajacheza bado! Hajaweka hata senti. Neno peke yake limehitaji kafara ya sadaka. Sasa shilingi ishirini iliyokwisha kuwekwa ina udogo gani?

Wala msinielewe vibaya kwamba kuwa na bahati ni dhambi, au kujihatarisha katika biashara ni kamari. Mkulima wa Mbakalo anapopanda anahatarisha, mvua inaweza kukosa. Lakini akipata, hakuna aliyenyang'anywa. Gunia limeongezeka duniani. Katika kamari hakuna gunia linaloongezeka. Kila shilingi uliyoshinda kuna mtu amelala nayo njaa, ila humjui jina.

Njia ya kutoka

Sasa niseme na wewe uliye ndani, kwa sababu najua upo hapa, na najua simu yako iko mfukoni.

Kwanza, mwambie mtu mmoja leo kabla ya futari. Kamari inaishi kwa siri. Mimi nilimwambia ustadh wangu wa zamani. Hakunipigia kelele. Aliniuliza deni ni kiasi gani, akachukua karatasi.

Pili, funga mlango, usiutegemee moyo. Iombe kampuni ikufungie akaunti. Futa programu, toka kwenye yale makundi, zuia ujumbe wao. Kwa miezi ya mwanzo pesa zako za matumizi zishikwe na mama au ndugu unayemwamini. Ni aibu kidogo, lakini aibu kidogo ni dawa.

Tatu, usizifuate zilizopotea. Zimekwenda. Aliyetubu halipwi alichopoteza, analipwa amani.

Nne, haki za watu. Toba ya haki ya Allah ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudi. Lakini uliyechukua cha mtu ni lazima umrudishie. Na ile uliyoshinda, wanazuoni wanasema usiifuturishie watu ukingojea thawabu, wala usiitolee zaka ukidhani imetakasika. Itoe kwa maskini au katika maslahi ya umma kwa nia ya kujivua nayo tu.

Na nyinyi wazazi, nawaomba mambo mawili kwa heshima. Msimtangaze mtoto msikitini wala sokoni, mkimfedhehesha atarudi kwa wale wanaomwita bingwa. Na pia msimlipie deni kimyakimya mara ya pili na ya tatu, maana mtakuwa mmemwongezea mtaji. Lipeni naye akiwa amekaa hapo, anajua kila shilingi imetoka kwa ng'ombe gani. Tena kumbukeni kwamba wenye madeni ni miongoni mwa makundi manane yanayopewa zaka, katika Suratut Tawba, aya ya 60. Wanazuoni wengi wamesema aliyekopa katika maasia hupewa akishatubu kikweli. Kamati yetu ya zaka ilifikirie hili. Kijana aliyetubu na bado anadaiwa kwenye simu tano, shetani hana kazi kubwa ya kumrudisha.

Kuhusu kukhu

Mmekaa mnangoja nimalizie ya kukhu. Nilimwambia Ramadhan iliyofuata, baada ya kuuza viatu na kufanya vibarua vya kupalilia kwa watu hadi nikapata zile elfu nne na za mkopo. Nilimwekea mkononi, nikamweleza yote, hadi ule uongo wa mtandao. Alinyamaza muda mrefu. Nilitaka anitukane. Akaniuliza, "Umefuturu?" Nikasema bado. Akaniwekea uji.

Msimu uliofuata nilikwenda naye dukani mwenyewe, nikabeba mbegu. Lakini simu yake siku hizi anamsomea binamu yangu mdogo wa kike. Hajanirudishia mimi. Na sijamwomba. Imani iliyovunjika hairudi kwa kuombwa. Itarudi akitaka yeye, inshallah.

Ndugu zangu, katika mwezi huu tunaacha maji na chakula, vilivyo halali, kuanzia alfajiri hadi magharibi kwa ajili ya Allah. Anayeweza kuacha halali kwa siku 30 anaweza kuacha haramu. Usiache kwa sababu ya hesabu nilizowapa, ingawa ni za kweli. Acha kwa sababu Mola wako amekuambia, na kwa sababu kuna mtu nyumbani amekupa simu yake uisome.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu yako. Wasamehe walioteleza, walipie madeni waliolemewa, na warudishie wazazi wetu furaha ya watoto wao. Taqabbal minna swiyamana wa qiyamana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.